Maneno ya Mzee Anselmo Niliyoyaficha

Khuwair ya Kusini, Maskati
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii imekukuta mzima, mgongo umetulia, na watoto wa chuo wanasoma kwa sauti mpaka majirani wote wa Ngamiani wanajua wamefika sura gani. Goti vipi? Dawa ya kuchua niliyokuletea imekusaidia, au umeshaigawa kwa wagonjwa wa mtaa mzima, maana nakujua? Mimi mwili wangu mzima. Nakula, nalala, na joto la huku nimelizoea. Ila moyoni, Dada, sina uzima wa kukuambia.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu mimi ni mjanja. Ukiniuliza jambo nisilolitaka, nakuchekesha, au nasema mtandao unakatika, nawe unanihurumia unaniacha. Wiki hizi tatu umenipigia na sikupokea. Haikuwa kazi, nilikuwa nakukimbia. Ndiyo maana nimemwomba Mama Asha, yule mwenzetu wa Tanga anayefanya kazi Mabela, akuletee hii mkononi anapokuja likizo.

Nianze na lililo zito nisije nikazunguka mpaka karatasi ikaisha. Kuhusu nyumba aliyotuachia baba, nilikudanganya. Uliponiuliza kama kuna mtu anaiuza, nilikwambia hakuna. Yupo, na mtu huyo ni mimi. Nitakueleza yote, ila nivumilie nikueleze kwanza habari za mzee ninayemhudumia, kwa sababu bila yeye nisingepata ubavu wa kuandika hata mstari huu.

Nilikwambia kwenye simu kwamba namtunza Mhispania, ukacheka ukasema hata huko Maskati kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu. Ni kweli. Jina lake Anselmo. Binti yake, Bi Ines, anafundisha chuo kikuu hapa, na ameolewa kwa watu wenye asili ya Unguja, wale ambao nyumbani kwao Kiswahili na Kiarabu vinapokezana katika sentensi moja. Mama yake Ines alipofariki, akamleta baba yake huku. Mzee ana miaka themanini na kitu, mikono inatetemeka, miguu haimbebi vizuri, lakini kichwa chake kiko sawa kuliko changu. Kiswahili hajui, Kiarabu hajui. Anajua Kiingereza, alichojifunzia jikoni kwenye hoteli moja Uingereza, akiosha sahani. Mimi jina langu limemshinda, ananiita Jemedi, nami nimeshazoea kuitika.

Mtu huyu, Dada, alikuwa mwanasiasa mkubwa kwao. Mjamaa, tena mjamaa hasa. Unamkumbuka marehemu baba alivyokuwa akituhutubia ujamaa mezani mpaka uji unapoa? Huyu angemsikiliza mpaka mwisho, halafu angebishana naye.

Kila Ijumaa baada ya chakula, Bwana Nassor, baba wa mume wa Ines, huja na mkewe Bi Zuwena. Tunakaa sebuleni, kahawa na halwa katikati, ubani unafuka, na Bwana Nassor husema, "Haya Hemedi, mwambie mzee aendelee." Maana mzee alikuwa akiwahadithia maisha yake kidogo kidogo, mimi natafsiri. Ijumaa ya kwanza ilikuwa ya utoto. Mji wao upo kaskazini ya Hispania, una bandari na kiwanda cha kujenga meli, na baba yake alikuwa akipigilia mabati ya meli mpaka akawa kiziwi. Kaka yake, Ramiro, aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na nne ili yeye Anselmo abaki shule. Hapo tu nilianza kuinama chini, kwa sababu nilikukumbuka wewe na sare yako uliyoivua darasa la saba mama alipofariki, ukashika chuo chake pale ukumbini ili mimi nivae yangu.

Ijumaa zilizofuata tulisikia mengi. Wakati wa dikteta vyama vilikuwa haramu, nao wajamaa walikutana nyuma ya duka la mikate, wanakunja vikaratasi vya siri huku unga umewajaa nywele. Akakamatwa, akafungwa miezi mingi, akatorokea Uingereza. Dikteta alipokufa akarudi. Uchaguzi wa kwanza huru akagombea akiwa na shati la kuazima la Ramiro, maana lake lilikuwa na tundu kwapani. Akashinda, akawa meya, akapeleka maji ya bomba mtaa wa juu ambako wanawake walikuwa wakipanda kilima na ndoo. Hapo Bi Zuwena akapiga kigelegele, mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mbunge, akahamia mji mkuu, na chama chao kiliposhika serikali akapewa unaibu waziri wa viwanda. Bwana Nassor, aliyewahi kufanya kazi serikalini, alikuwa akitikisa kichwa kwa kila cheo. Nami nilijiona mtu, kwa kuwa fahari yote ile ilikuwa ikipita kinywani mwangu.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Mzee hakugusa halwa. Akaniambia, "Leo utanifikishia neno zito, Jemedi. Nataka wakwe wa binti yangu wamjue mtu waliyemkaribisha."

Akasema hivi. Serikali yao ilikuwa ikifunga viwanda vya zamani vilivyokuwa vikila hasara, ili nchi iingie kwenye umoja wa Ulaya. Kiwanda cha meli cha mji wao kilikuwa kwenye orodha, na mwenye kutia saini ni yeye. Akatia. Kisha akasafiri kwenda kwao, akasimama langoni mwa kiwanda mbele ya wafanyakazi wote, akawaambia kiwanda hakifungwi. Na karatasi ilikuwa mkobani mwake, wino umeshakauka. Aliogopa tu zile nyuso, alisema, hakuwa na sababu nyingine. Ramiro alikuwa mstari wa mbele. Alimpigia makofi. Siku tatu baadaye Ramiro alisikia tangazo kwenye redio akiwa anakunywa kahawa, na tangu siku hiyo hakusema tena na mdogo wake.

Nikageuka kuwatazama wakwe. Bwana Nassor kavaa kanzu safi na kofia yake ya kazi ya sindano, Bi Zuwena kainamisha shingo anasubiri. Nikawaza, huyu ni mtu mzima, wale ni wakwe zake, nitamvuaje nguo mbele yao? Kwetu mtu akiteleza mbele ya wakwe, aliye karibu humfunika. Basi nikafunika. Nikasema, "Mzee anasema aliwapigania wafanyakazi mpaka siku ya mwisho, ila amri ilitoka juu, akawa hana la kufanya. Kaka yake alihuzunika, na mzee amebaki na huzuni hiyo."

"Subhana Llah," akasema Bwana Nassor. Akainuka pale alipo, akamshika mzee mikono yote miwili. "Mwambie, wakubwa hujaribiwa. Mwambie sisi hapa tunamheshimu na ni ndugu yetu."

"Masikini," Bi Zuwena akasema akifuta macho, "kakaake hakumfahamu tu."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Hakuamini. Kisha akalia, Dada, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na mikono yake ikiwa bado ndani ya mikono ya Bwana Nassor. Alidhani wamesikia.

Asubuhi yake nilikuwa namnyoa. Akaniambia, sabuni imemjaa shavuni, kwamba neno lile aliwahi kulisema kwao kwenye mkutano wa chama, alipokuwa akistaafu. Wengine walitoka ukumbini. Waliobaki walimpigapiga begani wakamwambia siasa ndivyo ilivyo, asijisumbue. "Wote hao hakuna aliyenishika mkono," akasema. "Watu wenu wamesikia kila kitu, na wakanishika mkono." Wembe ulikuwa mkononi mwangu na nusura nimkate. Nikamwambia ainue kidevu. 

Siku nne nilinyamaza. Jumanne Bi Ines akaja jikoni nikiwa namsagia mzee supu. Yeye Kiswahili amejifunza humu humu nyumbani, anakisema polepole lakini hakosei.

"Hemedi, Bwana Nassor anasema baba alipigana mpaka mwisho. Nani kamwambia maneno hayo?"

"Mimi, Bi Ines."

"Baba alisema hivyo?"

"Hapana."

Akavuta kiti, hakukikalia. "Kwa nini?"

"Nilimsitiri. Kwetu mtu mzima haachwi ajiaibishe mbele ya wakwe."

"Kwenu," akasema.  "Baba yangu ametafuta miaka mingi watu wa kuwaambia neno hili. Kawapata, wewe ukawaziba masikio. Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, leo."

Nikaenda. Mzee alikuwa akigombana na mtangazaji wa taarifa ya habari, kama kawaida yake. Nilipomwambia nilichokifanya, akazima televisheni. Hakunifokea, na ningeona afadhali anifokee. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo walinishika mkono kwa lipi?"

 Siku hiyo alikataa nimlishe. Alikula supu kwa mkono wake mwenyewe, mkono unatetemeka, supu inamwagikia kifuani, nami nimesimama ukutani na taulo ambalo hakulitaka. Tangu nifike Maskati nimefokewa, nimeitwa majina, nimeambiwa niingilie mlango wa nyuma. Hakuna siku niliyojiona mdogo kama siku ile. Alipomaliza akasema, "Ijumaa tutarudia. Neno kwa neno. Na utasema 'mimi', usiseme 'mzee anasema'."

Ijumaa tukarudia. Bi Ines naye alikaa. Mzee akasema, mimi nikafuata: "Niliitia saini. Kisha nikasimama langoni nikawaambia hakifungwi, na karatasi ilikuwa mkobani mwangu. Kaka yangu alikuwa mbele, ndiye aliyenisomesha, akanipigia makofi." Sauti ikanikatika hapo. Bi Zuwena akaniletea maji, akidhani namlilia mzee.

Sikuwa nikimlilia mzee. Nilikuwa nikikulilia wewe.

Bwana Nassor alitikisa kikombe chake cha kahawa, kama wafanyavyo huku mtu akitosheka, akakiweka chini. 

"Hemedi. Haya ndiyo aliyoyasema Ijumaa ile?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na wewe ukatupa mengine."

"Nilitaka kumsitiri, Bwana."

"Skiza nnakwambia. Stara ni kwa dhambi ilo baina ya mja na Mola wake. Haki ya mtu haistiriwi, hurejeshwa." Kisha akamgeukia mzee, akaniashiria nitafsiri. Mkono hakumshika safari hii. "Muulize, huyo kakaake keshamtaka radhi?"

Mzee akajibu kwamba Ramiro alikufa kabla hajaombwa radhi.

"Watoto wake wapo?"

Wapo wawili. Hawajawahi kumwandikia.

"Basi yeye na awaandikie. Wakitaka watamjibu, wasipotaka ni haki yao."

Akaaga akaenda kuswali. Nilidhani hatarudi tena, lakini jana alipiga simu kuuliza mzee ameanza kuandika au bado. Ameanza. Tangu juzi tunakaa meza moja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mkono wake unachukua asubuhi nzima kwa mistari mitatu, wangu hautetemeki, na bado ananizidi mwendo.

Sasa langu, Dada.

Unakumbuka Ramadhani iliyopita nilipokuja, siku ile niliyochelewa kurudi nikakwambia nilikuwa msikitini? Nilikuwa kwa wakili. Nilitia saini kumuuzia nyumba mtu mmoja anayetaka kuivunja ajenge ghorofa. Nilitumia usimamizi wangu wa mirathi, na ile karatasi ya kunikubali msimamizi uliyotia dole wewe baba alipofariki, ukasema, "We andika tu, mimi nakuamini." Wakili aliuliza kama dada yangu ameridhia. Nikasema ameridhia. Kisha nikaja nikakaa mkekani kwako kufuturu. Ulikuwa umenipikia tambi za nazi kwa kuwa unajua nazipenda. Ukaniuliza, "Hemedi, mbona kuna watu walikuwa wakipimapima nje? Kuna mtu anaiuza nyumba?" Nikakwambia, "Hakuna, watu wa manispaa hao. Nyumba haiendi popote, Dada." Nakala ya mauzo ilikuwa ndani ya begi langu, na begi nilikuwa nimeliegemea. Ukasema alhamdulillahi, ukaniongeza tambi.

Niliuza kwa nini? Sitajipamba. Nilichoka kubadilisha shuka za watu. Mwenzangu mmoja alitaka tufungue duka Mabela la kusafirisha mizigo ya watu wa nyumbani, nami nikajiona nimekaa nyuma ya meza, shati limepigwa pasi, naitwa bosi. Nilikuwa nikipita Wattaya kwenye maduka ya magari, nachagua lipi litanifaa. Chumba chako, ukumbi wa chuo, mlango ambao mama alitolewa akiwa kwenye jeneza, vyote nilivipima kwa ajili ya hayo. Duka lenyewe halikufunguliwa. Hilo si la kunionea huruma, nalisema ili ulijue.

Nimempigia mnunuzi nikimwomba turudi nyuma, arudishiwe chake. Amekataa. Anasema baada ya Idi ijayo atakuja kuwapa notisi ya kuhama. Nilikuwa nimekusudia uletewe na mgeni habari hiyo mlangoni, watoto wakiwa na juzuu zao, mimi nikiwa mbali na simu nimezima. Ndivyo nilivyopanga, Dada. Ramiro angalau aliisikia redioni akiwa amekaa.

Nimekwenda kwa mwanasheria hapa, Mswahili mwenzetu, akanieleza. Nyumba haijaondoka bado. Wewe ni mrithi, hukuridhia, na nilimdanganya wakili. Ukienda mahakamani kuweka pingamizi, na mimi nikikiri kwa maandishi, mauzo yanaweza kubatilishwa. Karatasi ya kukiri nimeshaiandika, nimeitia saini mbele ya mashahidi. Mama Asha anayo pamoja na barua hii. Mwanasheria ameniambia inaweza kunifikisha kubaya. Nimemwambia naelewa.

Ninachokiogopa sasa ni wewe. Nakujua. Utaisoma hii, utalia, utaikunja uiweke chini ya godoro. Utamwambia shangazi nyumba imechukuliwa na serikali. Utafungasha mikeka ya chuo uende kukaa kwa watu, ili pasitokee mtu Ngamiani wa kusema Hemedi amemwibia dada yake. Ulinifunika nilipovunja kioo cha msikiti, ukanifunika nilipofeli mtihani wa kidato cha nne, ukasema nilikuwa mgonjwa. Naomba safari hii mikono yako iwe mizito.

Nisalimie shangazi yetu mwenye presha, mwambie namwombea. Nisalimie mjomba mshona kofia na mkewe. Nisalimie bibi wa nyumba ya pili aliyetulea na uji wake, na binamu yetu fundi baiskeli, na mwalimu mwenzio wa chuo. Waite wote waje kwako Ijumaa baada ya swala, wakae ukumbini. Ukishawafikishia salamu, wasomee barua hii yote kwa sauti, tangu juu mpaka hapa, usiruke neno. Watakapouliza kama kweli ni mimi niliyeandika, waoneshe saini. Kisha Jumatatu nenda mahakamani, na uwachukue wawili kati yao wawe mashahidi wako dhidi yangu.

Usinisitiri, Dada.

Mdogo wako uliyemsomesha,
Hemedi